Tuni ya Limavady: nani aliitunga, nani aliipa jina?

Mwaka 1855 George Petrie alichapisha jijini Dublin mkusanyiko wa tuni za kale za Ayalandi. Petrie alikuwa mchoraji na mtafiti wa mambo ya kale, mtu asiyekubali jambo bila kulipekua, na tuni alizozichapa aliziandikia maelezo: amezipata kwa nani, zinaitwaje, huimbwa upande gani wa nchi. Ilipofika zamu ya tuni moja kutoka kaskazini, maelezo yakamwishia. Alisema amepelekewa na Bi J. Ross wa Limavady, kaunti ya Londonderry. Kwamba kwa bahati mbaya bibi huyo hakufanikiwa kulijua jina lake. Na kwamba alichoeleza ni kuwa tuni hiyo ni "ya zamani sana", kauli ambayo Petrie aliiunga mkono bila wasiwasi wowote. Akaiweka pamoja na tuni zisizo na majina.

Mistari hiyo michache ndiyo ushahidi wa maandishi tuliorithi kutoka kwa watu walioipokea tuni hii na kuichapa mara ya kwanza. Leo dunia nzima inaijua kama Londonderry Air, au kwa jina la maneno yake mashuhuri, Danny Boy. Ukiuliza, wengi watakwambia ni wimbo wa kale wa Waayalandi, wa mzazi anayemuaga mwanawe. Jibu hilo limechanganya vitu vitatu: tuni, maneno na jina. Kila kimoja kina mwenyewe, na wenyewe hao hawakuwahi kukaa meza moja.

Siku ya gulio

Jane Ross alizaliwa mwaka 1810 na kufariki 1879. Nyumba yake ilikuwa barabara kuu ya Limavady, na ukutani kwake leo kuna kibao cha kumbukumbu. Alikuwa na mazoea ya kuandika noti za nyimbo alizozisikia kwa watu wa kawaida, na Petrie anakiri kwamba alimpa nyingi, si hii moja tu.

Simulizi ya mji inasema hivi. Siku moja ya gulio, mnamo 1851, mpiga fidla kipofu aliyeitwa Jim McCurry alikuwa anapiga barabarani, mkabala na nyumba ya Bi Ross. Bibi akasikia tuni asiyoijua, akatoka, akamwomba airudie, akairudia hadi noti zote zikakaa kwenye karatasi. Akampa sarafu. Baadaye yule kipofu akaipapasa sarafu ile, akagundua ni florini, sarafu ya thamani kubwa kuliko peni aliyodhani, akarudi kuirejesha. Bibi akakataa kuichukua.

Ni hadithi nzuri, na mimi huiogopa hadithi inayokuja ikiwa imekamilika namna hiyo. Petrie hakumtaja mpiga fidla yeyote. Hakutaja gulio wala barabara. Jina la McCurry limekuja kwa masimulizi ya wenyeji. Hata hivyo hakuna cha ajabu ndani yake: kwenye magulio ya kaskazini mwa Ayalandi wakati ule, fidla ndiyo ilikuwa ala ya maskini anayetembea, na kipofu asiyeweza kulima alijifunza muziki ili apate mkate. Bi Ross aliipata tuni kwa mtu fulani, na mtu huyo kuwa mpiga fidla ni jambo la kawaida kabisa.

Kuna simulizi nyingine inayokwenda mbali zaidi. Eneo la Limavady lilikuwa la ukoo wa O'Cahan, walionyang'anywa ardhi mwanzoni mwa karne ya 17 wakati mfalme wa Uingereza alipogawa mashamba ya kaskazini kwa walowezi. Mkuu wa ukoo, Donnell Ballagh O'Cahan, alifungwa katika Mnara wa London na kufia humo. Wenyeji husema mpiga kinubi kipofu wa ukoo huo, Rory Dall O'Cahan, ndiye aliyeitunga tuni kuomboleza ardhi iliyopotea; wengine huongeza kwamba aliisikia kwa viumbe wa ajabu kando ya mto Roe. Kwamba watu walionyang'anywa ardhi wangependa maombolezo yao yawe na tuni kama hii, hilo linaeleweka. Karatasi inayomuunganisha Rory Dall na tuni hii haipo.

Shaka za wasomi

Kadiri tuni ilivyopendwa ndivyo wataalamu wa muziki wa asili walivyozidi kukuna vichwa. Kwanza, hakuna mkusanyaji mwingine aliyeisikia tena kijijini. Wakusanyaji wa karne ya 19 walipita kila kona ya Ayalandi, na tuni nyingine zilijitokeza tena na tena kwa sura tofauti. Hii ilijitokeza mara moja tu, mkononi mwa Jane Ross. Pili, haikuja na maneno ya Kiayalandi. Tatu, daftari alilotumia Bi Ross halijapatikana.

Halafu kuna umbo lake. Wanakwaya wanaosoma sol-fa watanielewa haraka. Mstari wa kwanza unaanza chini, ti do re mi, unarudi re mi, unaruka hadi la, kisha unateremka so mi re do mpaka la ya chini. Mpaka hapo ni tuni ya kawaida ya kijijini. Nusu ya pili inaanzia pale juu, so la ti do, na baadaye unakuja mruko ambao kila mwimbaji anaujua kwa kuogopa: so so so, halafu ghafla mi ya juu. Kutoka la ile ya chini hadi mi hiyo ni oktava moja na nusu. Mwimbaji wa kawaida wa jioni, mwenye kikombe mkononi, hafiki huko. Sauti inapasuka au anaiteremsha kimyakimya. Kwenye fidla hakuna taabu, mkono unapanda tu kwenye uzi wa juu. Wasomi wakauliza: tuni ya watu, yenye kilele kilichopangwa kama cha mtunzi wa jukwaani? Wakaanza kumtazama Bi Ross kwa jicho la pembeni. Huenda bibi huyu aliitunga mwenyewe, akaona haya kusema?

Mwaka 1934 mtafiti Anne Gilchrist alitoa hoja tofauti. Alisema huenda mpiga ala aliipiga tuni kwa kujiachia, akirefusha noti hapa na kufupisha pale kama wanavyofanya wapigaji wa nyimbo za polepole, na aliyeandika akashindwa kuyashika mapigo. Kilichokuwa na mapigo matatu kwa kila kipimo kikaandikwa kwa manne. Gilchrist akazipunguza zile noti ndefu, na tuni ikaanza kufanana zaidi na nyimbo nyingine za Ayalandi. Ilikuwa nadharia tu, lakini ilifungua mlango.

Aliyepita mlangoni ni Hugh Shields, mwaka 1974. Alirejea kwenye kitabu cha Edward Bunting cha 1796 akakuta wimbo uitwao Aisling an Óigfhir, yaani Ndoto ya Kijana, unaofanana sana na ile tuni kama Gilchrist alivyoirekebisha. Bunting alikuwa kijana wa miaka 19 alipoajiriwa mwaka 1792 kuandika noti kwenye mkutano wa wapiga vinubi mjini Belfast, walipokusanywa wazee wa mwisho wa fani ile. Miongoni mwao alikuwapo Denis Hempson, kipofu, ambaye kwa hesabu za wakati ule alikuwa amepita miaka 90. Hempson ndiye pekee pale aliyekuwa bado anapiga nyuzi za chuma kwa kucha, mtindo wa kale kabisa. Wimbo ule unatoka kwake. Na kwao Hempson ni Magilligan, si mbali na Limavady, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Alifariki huko 1807, miaka mitatu kabla Jane Ross hajazaliwa.

Mwaka 2000 Brian Audley akakamilisha sehemu iliyobaki. Alionyesha kwamba ule upande wa juu, uliowatia watu shaka, unatokana na kiitikio cha Ndoto ya Kijana. Kwa miaka kiitikio hicho kilihama kikaingia ndani ya mwili wa wimbo. Hapo maelezo yanakaa. Mpiga kinubi anakufa, wimbo unabaki kwa watu wa wilaya yake, vinubi vinatoweka, fidla zinauchukua. Fidla inaongeza urefu wa noti kwa sababu upinde unaweza kuivuta sauti, kitu ambacho uzi wa kinubi ukishadonolewa hauwezi. Kati ya kitabu cha Bunting na cha Petrie ni takriban miaka 60. Hiyo inatosha kabisa tuni kubadilika sura.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaomtuhumu Bi Ross. Mtu anayetaka sifa za utunzi hapeleki kazi yake kwa mwingine na kusema sijui jina lake. Na akiwa aliisahihisha kidogo wakati wa kuiandika, hakufanya kitu ambacho waandishi wengine wa noti wa enzi zake hawakukifanya. Bunting mwenyewe alizipangia tuni za wapiga vinubi uambataji wa piano.

Kwa nini hakulijua jina

Msomaji aliyezoea kwamba kila wimbo una jina na mtunzi atashangaa: aliandika noti zote, akashindwa kuuliza jina? Lakini kwenye muziki wa Ayalandi hilo ni jambo la kila siku. Mpiga fidla hubeba mamia ya tuni mikononi, na majina ni kama vibandiko vya kukumbushia tu, vinavyobanduka na kubandikwa upya. Jina huwa la kijiji, la farasi, la msichana, au la yule aliyekufundisha. Albamu za muziki huo mpaka leo zimejaa tuni zilizoandikwa Gan Ainm, ambalo kwa Kiayalandi ni "bila jina", na hakuna anayeona aibu.

Angalia jigi, yaani tuni ya kuchezea dansi, maarufu iitwayo Morrison's. James Morrison alikuwa mpiga fidla kutoka Sligo, Ayalandi, aliyehamia New York. Aliipata tuni hiyo kwa Tom Carmody, mpiga kodiani wa Kerry aliyekuwa kwenye bendi yake, na Carmody aliijua kama The Stick Across the Hob. Morrison akairekodi mwaka 1936, santuri ikavuka bahari kurudi nyumbani, na waliojifunza kwenye santuri wakaiita kwa jina la mtu waliyemsikia akiipiga. Carmody akasahauliwa, na Morrison hakuwahi kudai kwamba ni yake.

Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905, alijaribu kuweka utaratibu. Kitabu chake cha 1903 kina tuni 1,850, alizozipata kwa wahamiaji wenzake, wakiwemo askari wake. Yeye hakuwa mahiri wa kuandika noti. Kazi hiyo aliifanya askari mwenzake James O'Neill, ambaye jina lao lilifanana tu. Kila tuni ilibidi iwe na jina ili iingie kitabuni, na hapo ndipo kitabu kinapofanya kitu ambacho fidla haifanyi. Kikishachapwa, jina moja linakuwa "sahihi" na mengine yanakuwa "mengineyo", ingawa kijijini yote yalikuwa na haki sawa.

Tuni yetu nayo ilipatwa na hilo hilo. Petrie aliiacha bila jina, lakini maelezo yake yalitaja kaunti, na kaunti ikageuka jina. Kufikia 1894, mwandishi Katharine Tynan Hinkson alipoiwekea maneno ya mapenzi, tayari ilikuwa inatambulishwa kama tuni ya Londonderry. Kabla yake Alfred Perceval Graves alikwisha kuiwekea maneno mengine, katika kitabu alichotoa pamoja na mtunzi Charles Villiers Stanford mwaka 1882. Maneno hayo yote hayakushika.

Jina lenye mzozo

Tatizo ni kwamba jina la kaunti hiyo ni mzozo wa kisiasa. Mji wake mkuu uliitwa Derry kwa karne nyingi. Mwaka 1613 mfalme James wa Kwanza alitoa hati iliyokabidhi mji na eneo lake kwa makampuni ya wafanyabiashara wa London ili waujenge na kuuwekea walowezi wa Kiprotestanti, na neno London likabandikwa mbele. Tangu hapo, ukitaja mji huo umeshajitambulisha. Wazalendo wa Ayalandi, wengi wao Wakatoliki, husema Derry. Watiifu kwa Uingereza husema Londonderry. Baraza la mji lilijibadilisha jina mwaka 1984 likajiita la Derry, lakini mji wenyewe kisheria ukabaki Londonderry. Wenyeji wenye ucheshi huuita Stroke City, "mji wa mkwaju", kwa sababu ya mkwaju ule wa kuandika Derry/Londonderry.

Ajabu ni kwamba kaunti yenyewe haikuwahi kuitwa Derry rasmi. Iliundwa mwaka ule ule wa 1613, hasa kutokana na kaunti ya Coleraine, ikazaliwa na jina Londonderry. Anayesema Derry anaitetea historia ya mji. Anayesema Londonderry ana sheria mkononi.

Tuni ikajikuta katikati. Percy Grainger, mtunzi kutoka Australia aliyeipanga kwa kwaya, kwa piano, kwa ala za nyuzi na mwaka 1918 kwa bendi ya kijeshi, aliiita Irish Tune from County Derry. Waandaaji wengi wa matamasha waliendelea na Londonderry Air. Programu ya tamasha hukueleza mengi kabla fidla ya kwanza haijalia.

Maneno ya Danny Boy yameipa upenyo wa kukwepa ugomvi huo. Aliyeyaandika ni Mwingereza, Frederic Weatherly, wakili wa Somerset aliyeandika mashairi ya nyimbo kwa maelfu. Kwaya nyingi za Afrika Mashariki zinamjua bila kujua kuwa zinamjua, kwa sababu The Holy City, ule wenye kiitikio cha Yerusalemu, ni maneno yake. Danny Boy aliiandika mwaka 1910 kwa tuni nyingine kabisa, haikwenda popote. Mwaka 1912 shemeji yake aliyekuwa Marekani akampelekea noti za Londonderry Air. Weatherly akarekebisha maneno kidogo yakakaa, na mwaka 1913 ukachapishwa. Toleo la noti la 1918 lilikuwa na maelekezo kwamba mwanamume akiimba aweke "Eily dear" badala ya Danny, na maneno yenyewe hayasemi anayeimba ni nani: mama, baba, au mpenzi. Ndiyo maana ubishi wa leo kuhusu nani anaaga nani hauna jibu la wazi.

Uzuri wa jina Danny ni kwamba halina London wala Derry. Usiku wa tarehe 8 Juni 1985, uwanja wa Loftus Road, London, bondia Barry McGuigan alipanda ulingoni kupambana na bingwa wa dunia Eusebio Pedroza wa Panama. McGuigan ni Mkatoliki wa Clones, mji wa upande wa Jamhuri ya Ayalandi, aliyemwoa Mprotestanti na kuchukua uraia wa Uingereza; wimbo wowote wa taifa ungewaudhi nusu ya mashabiki wake. Baba yake, Pat, aliyekuwa mwimbaji wa kulipwa na aliyeiwakilisha Ayalandi kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 1968, akaingia ulingoni akaimba Danny Boy, na uwanja mzima ukaimba naye, Wakatoliki na Waprotestanti. Na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, mwanamichezo wa Ayalandi ya Kaskazini akipata dhahabu hupigiwa Londonderry Air. Tuni bila maneno inakubalika. Jina lake kwenye ratiba bado ndilo hilo lenye London.

Miaka ya karibuni tuni hii imefika hata mahakamani. Mwaka 2002 kikundi cha Secret Garden kilitoa You Raise Me Up, muziki wa Mnorwe Rolf Løvland, ambao baada ya kuimbwa na Josh Groban na Westlife umekuwa wimbo wa mahafali na misiba hadi Nairobi na Dar es Salaam. Kampuni inayoshikilia kazi za mtunzi wa Aisilandi Jóhann Helgason ilishtaki huko California, ikidai umeibwa kutoka wimbo wake Söknuður wa 1977. Upande wa utetezi ukajibu kwamba kinachofanana kati ya nyimbo hizo mbili kilikuwapo tayari kwenye Londonderry Air, ambayo haina mwenye hakimiliki. Mwaka 2020 jaji aliukataa ushahidi wa mtaalamu wa mlalamikaji, kwa kuwa hakuwa ametenganisha kwanza kilichotoka kwenye tuni za zamani na kilichokuwa cha Helgason mwenyewe. Kesi ikaishia hapo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo.